Upande wa Kushoto wa Kulwa

Harufu ya matobolwa yakikauka juani ni harufu inayodanganya. Viazi vitamu vikishachemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kutandazwa juu ya mwamba uliopashwa moto na jua la Juni, hutoa harufu kama ya asali iliyomwagika jikoni, na mtoto anayepita karibu huapa kwamba hakuna kitu duniani chenye utamu kuzidi hicho. Lakini ukikichukua kipande kabla ya siku zake, unatafuna kitu mfano wa soli ya kiatu, na meno yanabaki yanauma hadi jioni. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwamba wa namna hiyo, mpana, mweusi, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Kila mwaka mvua zikishakatika Bibi aliujaza matobolwa upande mmoja na michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vibichi, upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Nilikuwa na miaka sita. Nilikaa pale juu na fimbo yangu tangu umande unakauka mpaka jua linapoa, na kutoka pale niliona kila kitu kilichotendeka uani. Ndiyo maana naweza kuisimulia habari hii. Ndiyo maana pia niliielewa vibaya.

Kwetu kulikuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Ushirombo, nyumba iliyozungukwa na ua wa minyaa, na nje ya minyaa pamba mpaka macho yachoke. Tulikuwa watoto watatu. Wa kwanza walikuja wawili kwa mpigo, wasichana, na kwa desturi yetu Wasukuma hawakuhitaji kutafutiwa majina: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto. Baada ya miaka miwili nikaja mimi, na mimi pia sikutafutiwa jina, kwa maana anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Hata jina langu, basi, lilikuwa likisimulia habari zao. Mama aliitwa Mama Kulwa, Baba aliitwa Baba Kulwa, na mgeni akiniuliza naitwa nani, nikamjibu, hakusema kwamba ni jina zuri. Alisema, "Ahaa! Na mapacha wenyewe wako wapi?"

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria ya mapacha. Kilichomfikia mmoja sharti kimfikie mwenzake, kwa kipimo kile kile, la sivyo anayepunjwa atasononeka, na pacha akisononeka, alisema Bibi, huweza kuamua kurudi alikotoka. Kwa hiyo gauni zao zilikatwa kutoka kitambaa kimoja. Yai likichemshwa, yalichemshwa mawili. Doto akivunja chungu, Kulwa naye alichapwa, tatu kwa tatu. Siku ya fimbo ndiyo siku pekee niliyofurahia kuwa Shija, lakini hata furaha hiyo haikukaa, kwa sababu baada ya kuchapwa walikwenda nyuma ya kihenge cha mtama, wakalia wamekumbatiana, na mimi nikabaki nimesimama na macho makavu, sina wa kulia naye. Watu waliomwona Mama akihangaika na watoto wadogo waliokaribiana umri walimpa moyo wakisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nundu yenyewe ilikuwa ni wale wawili. Mimi sijui nilikuwa nini. Labda mkia.

Niseme pia kwamba kijiji chetu kilikuwa hodari wa kuamini kisichokiona. Baba aliwahi kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu kule Geita, ule wa zamani, kabla haujafungwa, na kabla yetu sote kuzaliwa. Alirudi kutoka huko na sanduku la bati lenye kufuli, akaliweka chini ya kitanda, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Kwa sababu ya kufuli lile, watu walikubaliana kwamba ndani mna dhahabu. Jirani yetu Mama Masanja, aliyekuwa na shingo ndefu na masikio marefu zaidi, alizoea kusema kisimani, "Baba Kulwa analima pamba kutufumba macho tu. Mwenye vyake yule." Baba aliposikia alicheka, akasema, "Waacheni. Sanduku likiwa wazi nani atakuja kutusalimia?" Nilimcheka Mama Masanja pamoja na wakubwa. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nao ujinga huo, na kwamba ungenipata mwaka ule ule.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo wa themanini, duka la kijiji lilipokuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni ilipatikana kwa bahati, mafuta ya taa kwa foleni, na sukari kwa hadithi: mtu alisimulia kwamba ameiona Kahama, mwingine kwamba shemeji yake ameonja Mwanza. Bibi alikuwa na kopo moja la sukari, alilolifunika kwa kitambaa na kulificha mahali ambapo sote tulipajua. Ilikuwa sukari ya wagonjwa. Kwa hiyo katika umri ule nilikuwa na tamaa mbili zilizoshindana: kutougua, na kuugua.

Aliyeugua ni Kulwa. Ilianza na baridi mchana, akitetemeka juani na sisi tunatoka jasho, kisha homa, kisha kutapika. Baba hakuwapo. Alikuwa amepeleka pamba kwenye kituo cha kununulia, na mwaka ule ukipeleka pamba ulipeleka na blanketi, kwa sababu ulilala juu ya magunia yako siku sita au saba ukingoja zamu ya mizani. Mama akambeba Kulwa mgongoni mpaka zahanati, akarudi na vidonge sita ndani ya karatasi iliyosokotwa. Nilikuwa mlangoni nikiwasikiliza.

"Mganga amesema viwili leo, viwili kesho, viwili keshokutwa," Mama akasema. "Amesisitiza avimalize vyote."

Bibi akaifungua karatasi, akaviangalia. "Viwili kwa siku. Basi kimoja cha Kulwa, kimoja cha Doto."

"Mama, lakini Doto haumwi."

"Leo haumwi."

"Mganga amesema…"

"Huyo mganga amezaa mapacha wangapi?" Bibi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na Mama, ambaye alikuwa mkwe katika nyumba ile na alimpigia Bibi magoti kila asubuhi akimwamkia mwangaluka, akainamisha kichwa.

Dawa walimezeshwa ndani, nami nikafukuzwa nikalinde viazi. Kwa hiyo sikuviona vidonge vikiingia vinywani. Nilichokiona ni kopo la sukari likitoka, na dada zangu wamekaa kizingitini, na Bibi akiwatilia kila mmoja kidogo juu ya ulimi kwa ncha ya kijiko, kipimo sawasawa, akiinama kukihakiki kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Kulwa alikuwa mgonjwa, sawa, apewe. Lakini Doto? Doto asubuhi ile alikuwa ameruka kamba. Nikashuka mwambani nikaenda kusimama karibu, ulimi wangu nimeutoa kidogo tu, kwa adabu. Bibi akafunika kopo. "Kuku hao, Shija," akasema.

Nilirudi juu ya mwamba na kitu kimenikaba ambacho wakati ule sikukijua jina lake. Wivu wa mtu mzima una maneno, unaweza kubishana nao. Wa mtoto ni kama mfupa wa samaki: haushuki wala haupandi, na kila unachomeza kinaugusa. Nikawatazama. Kulwa alilazwa kwenye ngozi ya ng'ombe kivulini mwa ukuta, na Doto akakaa karibu naye. Mama na Bibi walipokwenda shambani kuchuma pamba, Doto akageuka huku na huku, akashika pembe ya kipande cha kanga alichojifunga juu ya gauni, akafungua fundo. Akatoa kitu kidogo, cheupe. Akakisogeza kinywani mwa Kulwa, akamnong'oneza. Kulwa akakipokea, akafumba macho, akabana midomo, uso wake wote ukajikunja, mabega yakapanda mpaka masikioni, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Macho hayana pazia, lakini pia hayana akili. Mimi niliyeyaona yale yote kutoka juu ya mwamba nilijua mara moja kwamba ile ni peremende. Uso ule niliujua: ni uso wa mtu aliyezidiwa na utamu, anayefumba macho ili usimtoroke. Nilijua pia ilikotoka. Bibi ndiye aliyempa Doto, kwa siri, peremende kutoka huko ambako kina shemeji walionja sukari, na Doto amegawana na nani? Na pacha wake. Mimi ni dada yao, nimekaa hatua ishirini kutoka pale, nimechomwa na jua, sikuitwa. Nililia, ila nililia nikiendelea kufukuza kuku, maana ningeacha wangenichapa, na mimi fimbo zangu sikuwa na wa kugawana naye.

Siku ya pili Mama hakwenda shamba. Alikaa uani akimenya karanga, na Doto hakufungua fundo. Lakini nililiona. Siku ya tatu lilikuwa limenenepa. Popote Doto alipokwenda macho yangu yalikwenda na ile pembe ya kanga: ilipoinama, ilipopanda, ilipogusa goti lake akitembea. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kukitazama kitu cha mtu kwa uaminifu namna ile. Jioni ya siku hiyo tulikwenda kisimani kuoga. Doto akavua, akaitundika kanga juu ya minyaa, akaingia nyuma ya mawe, akaanza kuimba. Mimi nikasema nimechomwa na mwiba, nikabaki nyuma.

Fundo lilikuwa gumu. Nililifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vitu viwili vyeupe, kimoja kimeliwa pembeni kana kwamba kimeshamumunywa kidogo, nami hilo lilinikera zaidi, kwamba wamefika hatua ya kumumunya na kuweka. Sikusubiri. Sikutaka kubaki na kimoja cha kesho. Nikavitia vyote viwili mdomoni, nikaviuma.

Aliyewahi kutafuna vidonge vile vya malaria vya zamani hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi hataelewa. Uchungu ule haukai ulimini. Unapanda puani, unashuka kooni, unaingia hata machoni. Nilitema, nikatema tena, nikachota mchanga nikausugua ulimi, nikafukia lile povu jeupe kwa kisigino. Na sasa nifikie jambo ninaloona aibu nalo kuliko wizi wenyewe. Mtoto mwingine angejiuliza: kwa nini Doto anampa mgonjwa kitu kichungu hivi? Mimi sikujiuliza. Mimi nilielewa papo hapo, kwa uhakika kamili wa mtu mwenye wivu, kwamba wamenitega. Wameniona nikitazama. Wametoa peremende wakaweka uchungu, na kesho watakaa nyuma ya kihenge, watacheka wameshikana mabega. Nikalifunga fundo likiwa tupu, nikaapa kutowapa raha ya kujua kwamba nimenaswa. Nilinyamaza. Nilijivunia kunyamaza kwangu.

Kulwa alikuwa amepata nafuu kidogo. Alikunywa uji, akaketi. Siku mbili baadaye homa ikarudi na nguvu mpya, na mchana wa siku iliyofuata akashikwa na degedege. Nilikuwa mwambani. Nilisikia Mama akipiga yowe, sauti ambayo sikujua kwamba Mama anayo. Nikakimbia. Kulwa alikuwa amenyooka juu ya ile ngozi kama ubao, macho yameelekea juu, weupe mtupu, meno yamebanana, na mguu mmoja unapiga chini, unapiga, unapiga, kama unaofukuza kitu. Majirani wakajaa. Mama Masanja alifika wa kwanza. Bibi akasimama katikati ya ua, akasema ni mapacha hao, wamekasirishwa. Kuna mmoja aliyepunjwa, na sasa anaondoka. Akaagiza unga wa mtama wa kutambikia. Akatuma watu wakawaite wanawake wanaojua mambo ya mapacha, walioko vijiji vya mbali, waje kesho asubuhi na ngoma zao. Nami nikajibana kwenye ukuta.

Doto hakuwa pale. Nilimkuta nyuma ya kihenge, peke yake. Sikuwahi kumwona pale peke yake. Alikuwa ameishika pembe ya kanga, anaifinyafinya, machozi na kamasi vinamtoka.

"Shija," akasema, "nani amefungua fundo langu?"

"Fundo gani?"

"Vidonge vyangu. Nilivifunga hapa. Vimekwenda wapi?"

Vidonge. Alilisema neno lile, nikausikia uchungu unanirudia kinywani kama nimeuonja sasa hivi, na nikamwona Kulwa amefumba macho, amebana midomo, mabega yamepanda, na safari hii niliujua ule uso ni wa nini. Ilikuwa dawa. Doto hakumeza dawa yake. Aliifunga kwenye pembe ya kanga iwe ya Kulwa. Na ile ambayo Kulwa hakuipata niliitema mimi, nikaifukia kwa kisigino.

Baba alifika alasiri ile, ana vumbi la njia nzima, nyuzi za pamba zimenasa kwenye nywele zake kama mvi. Aliiangusha baiskeli langoni. Akapiga magoti karibu na Kulwa, akamshika paji la uso, akauliza neno moja tu kwanza.

"Dawa alipata?"

"Alipata," Bibi akasema. "Amemaliza. Hili si la dawa, mwanangu. Kesho wanakuja wenyewe."

Baba akamtazama Mama. Mama akatazama chini. Baba akashusha pumzi, akakaa kitako, nami nikaona mabega yake yakikubali. Kama dawa imekwisha na mtoto yuko hivi, basi ndivyo. Watu wakaanza kutandika mikeka. Jua lilikuwa bado juu, na mguu wa Kulwa ulikuwa umeacha kupiga, jambo ambalo wengine waliliona ni nafuu. Mimi sikuliona hivyo. Nilisogea mpaka mbele ya Baba.

"Baba, hakumaliza."

"Nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Vingine nilivila mimi. Nikavitema. Vilikuwa kwenye kanga ya Doto. Nilidhani peremende."

Baba akauliza polepole, "Dawa ya Kulwa ilifanya nini kwenye kanga ya Doto?" Akamgeukia Bibi. "Mama. Nani alikuwa anaumwa?"

"Usinifokee, Baba Kulwa. Pacha halishwi peke yake."

"Kule mgodini," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa chini kabisa, "tulimeza mbele ya nyapara, halafu tukafunua kinywa, akatazama chini ya ulimi. Kila mtu vyake vyote. Nusu ya dawa, Mama, ni sumu ya mgonjwa." Kisha akamwita Doto. "Ulikuwa unampa mwenzako?"

Doto alitazama nyuso zote zile. Akatikisa kichwa kukubali.

Baba aliinua mkono, nikafumba macho kuungoja. Mkono haukufika kwangu. Ulikwenda shingoni mwake, ukachomoa ufunguo. Akaingia ndani, akalivuta sanduku la bati hadi mlangoni penye mwanga, akalifungua mbele ya watu wote. Nakumbuka jinsi, hata katika saa ile ya kufa na kupona, shingo zilivyonyooka. Mlikuwa na buti zilizokakamaa, taa ya mgodini iliyoshika kutu, na mkanda mpana wa ngozi ambao mtu wa chini ya ardhi hufungia vyombo vyake kiunoni. Baba akauchukua mkanda. Akamkalisha Mama kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga Kulwa mgongoni pake kwa kanga na juu ya kanga kwa mkanda ule, ili akishikwa tena asidondoke. Wakaondoka kwenda hospitali ya misheni. Mama Masanja alibaki ameinamia sanduku. "Ni hivi tu?" akauliza taratibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa.

Kulwa alipona. Alirudi baada ya wiki tatu, shingo nyembamba kama ya kifaranga, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Lilikufa huko huko kwenye homa. Alirudi pia na kopo la maziwa ya unga, ambalo Bibi, ijapokuwa sasa alikuwa mnyonge kidogo mbele ya Baba, aliligawa sehemu mbili. Sikuchapwa. Nilingoja fimbo zile mwezi mzima, na nadhani ningeshukuru. Lakini habari ilishatangulia mbele yangu. Kisimani, kanisani, kwenye kituo cha pamba, kote walisimulia kwamba Doto, mtoto wa miaka minane, alijinyima dawa akamhifadhia pacha wake. "Mnaona damu ya mapacha!" walisema. Walikuja watu kumtazama Doto kama waliotaka kuiona dhahabu ya Baba. Aliyeiba hakutajwa, na aliyesema kweli hakutajwa. Hata dhambi yangu ilikuwa ndogo mno mbele ya mapenzi yale, ikapita bila kuonekana, kama Shija mwenyewe.

Tukaanza kwenda shule tukiwa watatu. Kulwa alitembea katikati. Doto alikuwa kulia, kwenye sikio zima, na mimi kushoto. Hakuna aliyetupanga. Nilizungumza njia nzima, nikatunga visa, nikasema niliyoona na nisiyoyaona, na Kulwa alitazama mbele akatabasamu kwa yale aliyoambiwa upande wa pili. Pengine huko ndiko nilikojifunza kazi hii ya kuandika: kusimulia kwa bidii karibu na sikio ambalo huna hakika nalo. Na miaka yote hiyo niliyahusudu mapenzi yale. Nilipopata rafiki nilimpima kwa fundo la Doto: huyu angenifichia dawa yake? Nilipopata mchumba, hivyo hivyo. Wote walipungua. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kile kipimo cha utotoni kilikuwa bahari yangu.

Mwaka jana tulikutana nyumbani kwa Doto, Kalangalala, Geita, ambako anauza vitambaa. Kulwa alikuja kutoka Shinyanga na kikapu cha matobolwa, mimi nikatoka nilikopanga chumba na meza yangu. Mji ule sasa umejaa wageni waliofuata mgodi mpya, na kila geti lenye kufuli lina hadithi yake. Mtoto wa Doto alikuwa na homa. Vidonge vya siku hizi huja vimepangwa kwenye karatasi yenye picha, jua la asubuhi na mwezi wa jioni, na hakuna Bibi wa kuvigawa. Amelala kaburini kule kwetu, karibu na mwamba wake. Doto alimtilia mtoto kidonge, akampa maji, akageuka. Mtoto akakitema kiganjani, akakisukuma chini ya mto. Doto alimwona, akaangua kicheko.

"Huyu ni mimi mtupu," akasema. "Mimi vile vidonge sikuwahi kumeza hata kimoja."

"Ulimwekea Kulwa," nikasema.

"Nilimwekea nini! Vichungu vile? Nilivibana shavuni, nikasubiri Bibi ageuke. Kutupa ningetupa wapi, wewe mwenyewe uko juu ya mwamba unatazama kila kitu kama bundi? Na Bibi angeviona angenichapa. Nikasema, Kulwa mgonjwa, hana nguvu za kubisha, acha avimalize yeye. Nikamwambia Bibi ameagiza."

"Na siku ile nyuma ya kihenge? Ulilia."

"Nililia fimbo, Shija. Nilijua Bibi ndiye amevikuta." Akapangusa machozi ya kicheko. "Halafu Baba akaniuliza vile, mbele ya watu wote. Nikasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Nikamgeukia Kulwa, nikapaza sauti. "Umesikia?"

"Nimesikia miaka yote," Kulwa akasema, akichagua tobolwa kikapuni. "Nilijua tangu siku ile. Uchungu ule ule, Bibi gani angeniagizia mara mbili? Nilimeza ili aache kuninong'oneza tu." Wakatazamana, wakacheka tena, kicheko cha zamani kilichokwisha kuchekwa mara nyingi, chenye njia yake, kinachojua pa kupanda na pa kushuka.

Ilinipasa nifarijike. Mapenzi niliyoyalilia tangu nina miaka sita hayakuwapo. Palikuwa na mtoto anayekimbia uchungu, na mwingine aliyechoka kunong'onezwa, na kutoka hapo uhai ukaokoka nusu kwa bahati. Ilikuwa kama sanduku la Baba: ndani mlikuwa na vitu vya kawaida, na kimoja kati ya hivyo kilifaa. Lakini sikufarijika. Nilikaa pale nikihesabu si fundo tena, bali kicheko: mara ngapi wamekicheka, jikoni, safarini, msibani, bila mimi. Walikuwa na siri kwa miaka yote, na siri, kumbe, ndiyo iliyokuwa peremende.

Doto akaenda jikoni kuangalia chai. Nafasi yake kitini ikabaki wazi, kulia kwa Kulwa, kitambaa bado kina joto. Nikanyanyuka, nikaketi pale. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa upande ule, na nilikuwa na mengi ya kusema, nilianza hata kuvuta pumzi. Kulwa alikuwa ametia tobolwa mdomoni. Alifumba macho, akabana midomo, uso ukajikunja wote, na safari hii ulikuwa utamu kweli.

"Shija," akasema kwa upole, bila kufumbua macho, "sogea kidogo. Hapo ni pa Doto."

Nikasogea kushoto.